Binti yangu anatafunia upande mmoja na taya linakwenda pembeni, nisubiri akue?

"Shikamoo daktari. Nina binti wa miaka 7, yuko darasa la pili. Toka mwaka jana nimeona anatafunia upande wa kulia tu, na akifunga mdomo taya la chini linavutika kulia kidogo, yani ukimwangalia usoni kidevu hakiko katikati. Kula anachukua muda sana, wenzake wanamaliza wanaenda kucheza yeye bado ana sahani, nyama anaitafuna weee halafu anaitema. Jioni saa nyingine anasema taya limechoka, anashika hapa mbele ya sikio. Usiku anasaga meno mpaka nasikia chumba cha pili, na analala mdomo wazi. Alinyonya kidole mpaka karibu miaka 5. Mama mkwe anasema ni minyoo. Jirani anasema nisubiri meno yote yaote, akifika miaka 12 ndo akawekwe waya. Zahanati wakaniambia wamng'oe jino la utoto ili mengine yapate nafasi. Baba yake yeye anasema nimpe muwa na mihogo mibichi taya lipate nguvu. Nimechanganyikiwa. Je ni tabia tu nimkemee? Misuli yake inaweza kuharibika?"

Marahaba mama, na asante kwa kueleza kila kitu bila kuruka, maana kwenye meno ya watoto macho ya mzazi anayekaa nao mezani kila siku yananisaidia sana. Nimekusoma mara mbili. Naona una hofu mbili zimekaa pamoja, moja ni kwamba huenda ni tabia mbaya umeiachia muda mrefu, ya pili ni kwamba huenda kuna kitu kinaharibika ndani na wewe unasubiri tu. Sijamwona mtoto kwa hiyo yapo nitakayokwambia kwa uhakika na yapo ambayo mpaka mtu atie kioo mdomoni ndo yatajulikana, nitakuonesha ni yapi.

Kabla ya yote usimkemee. Mtoto wa miaka 7 hakai akachagua upande wa kutafunia. Taya lake linakwepa kitu, na taya hukwepa vitu viwili, maumivu au kizuizi.

Naanza na maumivu kwa sababu ndo sababu ya kawaida kuliko zote na ndo inayosahaulika. Mtoto mwenye gego lililotoboka upande wa kushoto atatafunia kulia hata kama meno yake yamepangika vizuri kabisa, na mara nyingi hasemi jino linauma kwa sababu ameshajifunza kulikwepa kwa hiyo kweli haliumi. Leo usiku mkalishe kwenye mwanga mzuri, tumia tochi ya simu, angalia magego ya kushoto juu na chini, tafuta tundu, weusi, au kakijipu kadogo kwenye ufizi. Halafu angalia nyuma kabisa. Umri huu kuna gego kubwa linaota nyuma ya magego yote ya utoto bila jino lolote kung'oka, wazazi wengi wanalihesabu la utoto na kusema likioza litaota lingine, kumbe ni la utu uzima na halina mbadala. Likiwa linatoka, ufizi wa pale unavimba kidogo na kutafunia unauma kwa wiki kadhaa. Ukikuta lolote kati ya hayo, hilo litibiwe kwanza, ya kupanga meno yatafuata.

Ila wewe umeniambia kitu cha pili ambacho tundu la jino peke yake halikielezi vizuri, kwamba taya linavutika kulia kila akifunga mdomo. Hapo mawazo yangu yanaenda kwenye kizuizi, na hapa nataka tuelewane taratibu maana ukishaelewa hili mengine yote yatajipanga.

Chukua sufuria na mfuniko wake. Mfuniko mzuri ni mkubwa kidogo kuliko mdomo wa sufuria, unaifunika pande zote. Meno yako yako hivyo hivyo, safu ya juu ni pana kidogo kuliko ya chini, kwa hiyo ukiuma meno ya juu yanakuwa nje ya ya chini kuzunguka mdomo mzima, na zile nundu za magego ya juu zinaingia kwenye mabonde ya magego ya chini, hapo ndo chakula kinasagika. Sasa fikiria mfuniko umesinyaa ukalingana na sufuria. Mtoto akifunga mdomo wima nundu inakutana na nundu, hakuna kinachoingia popote, ni kama kukanyaga jiwe la mviringo, mguu hautulii. Basi taya linateleza. Linakwenda kulia, au kushoto, mpaka lipate mahali meno yanapokamatana. Kwa binti yako limechagua kulia, na ndo maana nina mashaka kwamba ukimwangalia akiwa ameuma, magego ya juu ya kulia yako ndani ya ya chini, kinyume na inavyotakiwa, wakati kushoto kunaonekana sawa tu.

Hapa watu wengi wanakosea, wanaona kulia ndo kubovu. Mara nyingi safu ya juu imesinyaa pande zote mbili karibu sawasawa, ila kwa kuwa taya limehamia kulia, tatizo lote linajionesha kulia. Kwa hiyo tiba yake kwa kawaida ni kupanua juu pande zote mbili na taya la chini linarudi lenyewe katikati kwa kuwa halina tena cha kukwepa. Nimeona wazazi wakishangaa kwamba kidevu kimesogea na hakuna aliyegusa taya la chini.

Na taya linajuaje kukwepa? Umewahi kutafuna wali ukakutana na kijiwe, mdomo ukasimama wenyewe kabla hata hujafikiri? Kila jino limeshikiliwa kwenye mfupa na nyuzi nyuzi ndogo, na humo kuna mishipa ya fahamu inayohisi mguso mdogo mno na kupeleka habari kwenye ubongo kwa haraka sana. Kutafuna kwenyewe kunaendeshwa na sehemu ya chini ya ubongo kama kupumua na kutembea, kuna mdundo wake, wewe huhesabu. Mdundo huo unasikiliza habari za meno. Mtoto akifunga mdomo akagonga nundu kwa nundu mara kadhaa, ubongo unaandika njia mpya ya kupita pembeni, na baada ya muda mfupi anapita hapo moja kwa moja bila kugonga. Ndo maana ukimwambia "funga mdomo vizuri" hawezi, anaona ndo amefunga vizuri.

Kuna kipimo unaweza kukifanya nyumbani. Mkalishe akutazame, kichwa kiwe wima. Angalia mstari kati ya meno mawili ya mbele ya juu na mstari kati ya mawili ya mbele ya chini. Mwambie afungue mdomo wote, tazama kama mistari miwili inakaribia kulingana. Sasa afunge pole pole mpaka magego yagusane, wewe kaza macho kwenye mstari wa chini. Kama mdomo ukiwa wazi mistari inalingana halafu ile mwisho mwisho anapofunga wa chini unaruka kulia, hiyo ni dalili nzuri kwamba mfupa wenyewe bado hauna tatizo kubwa, ni taya linahama tu, na hali hiyo ndo inayotibika kirahisi katika umri wake. Lakini kama hata akifungua wote kidevu kimeenda pembeni, au kinazidi kwenda pembeni kadri anavyofungua, usisubiri, hapo naanza kuwaza kiungo cha taya au mfupa na hilo linataka kuonwa mapema. Kumbuka pia meno ya mbele yakiwa yanabadilika mstari unaweza kudanganya, kwa hiyo usiogope kwa kuangalia mara moja, rudia siku mbili tatu.

Sasa misuli. Weka vidole vyako kwenye mashavu usawa wa magego halafu uma meno kwa nguvu, utahisi kitu kinatuna, huo ni msuli wa shavu, ndo wenye nguvu kuliko yote ya kutafuna. Peleka vidole kwenye panja, uma tena, pale napo panatuna, huo ni msuli wa panja, umetandaa kama feni upande wa kichwa. Iko mingine miwili kila upande kwa ndani ambayo huwezi kuishika, mmoja unasaidia kufunga na mwingine unavuta taya mbele na pembeni. Kwa mtu ambaye meno yanakutana vizuri, misuli ya kulia na kushoto inagawana kazi karibu sawa. Kwa mtoto ambaye taya linahama haigawani. Madaktari wamewahi kuibandika vinasa umeme misuli hii kwa watoto wenye hali kama ya binti yako na kinachoonekana mara nyingi ni kwamba msuli wa shavu wa upande uliokosea, yani ule ambao magego ya juu yako ndani ya ya chini, unafanya kazi pungufu wakati wa kutafuna, na sehemu ya nyuma ya msuli wa panja nayo haifanyi kazi sawa kulia na kushoto. Wengine wamepima unene wa msuli kwa ultrasaundi, na wa upande uliokosea ukakutwa mwembamba kidogo kuliko wa pili. Nguvu ya kuuma nayo kwa ujumla inakuwa ndogo kuliko ya watoto wenzao, na meno yanayogusana ni machache.

Ukiunganisha hayo utaelewa sahani yake kwa nini haiishi. Magego machache ndo yanasaga na msuli haukamui nguvu yake yote, tena hata mzunguko wa taya unabadilika, yani badala ya kwenda nje kidogo halafu kuingia ndani ukisaga kama jiwe la kusagia, taya la mtoto huyu upande wa kulia mara nyingi linazunguka kinyume. Chakula laini kama ugali na mchuzi hakimsumbui. Nyama yenye nyuzi ndo inamshinda kwa sababu ile inataka kukatwakatwa na nundu zinazopishana vizuri, na hana, kwa hiyo anaitafuna mpaka inakuwa kama pamba anaitema. Huyo mtoto hadeki. Mkatie nyama vipande vidogo, mpe muda, na usimlinganishe na wenzake mezani.

Umeuliza misuli kuharibika. Hapana, haiharibiki. Inajizoesha tu, kama mtu anayebeba ndoo mkono mmoja kila siku, akianza kubadilisha mikono mwili unajirekebisha. Baada ya safu ya juu kupanuliwa zile tofauti za unene na nguvu kati ya kulia na kushoto zinapungua, na kwa wengine zinapotea kabisa. Kinachonipa mimi haraka ni mfupa. Taya likikaa pembeni, kichwa cha mfupa wa taya upande wa kulia kinasukumwa nyuma na juu kidogo ndani ya kiungo chake na cha kushoto kinavutwa mbele, mtoto anakua hivyo hivyo kwa miaka, misuli nayo inavuta mfupa bila usawa, na kilichoanza kama taya kuhama kinaweza kuishia kuwa umbo la uso. Ukifika huko kupanua juu peke yake hakutoshi. Kwa hiyo ushauri wa jirani wa kusubiri miaka 12, ingawa ameutoa kwa nia njema na kwa matatizo mengine ya meno ni sahihi kabisa, kwa tatizo hili siukubali.

Na kuna sababu nyingine ya kutosubiri. Katikati ya kaakaa kuna mshono, mifupa miwili inakutana pale. Kwa mtoto wa miaka 7 mshono bado uko wazi na laini, ukisukuma taratibu unaachia na mfupa mpya unajaza nafasi. Kadri anavyoingia kwenye ujana pande mbili zinashikana kama meno ya zipu, na kwa mtu mzima kazi hiyo hiyo mara nyingi inataka skrubu za kwenye mfupa au upasuaji. Chama cha madaktari wa kupanga meno cha Marekani kinashauri mtoto akaguliwe mara ya kwanza asipite miaka 7, na matatizo kama haya ni sehemu ya sababu. Kukaguliwa siyo lazima kuwekwa waya, wengi wanaangaliwa wanaambiwa rudini mwakani. Mtoto wa miaka 4 au 5 akiwa na hali hii wakati mwingine inajirekebisha yenyewe hasa akiacha kidole, ila magego ya utu uzima yakishaota nayo yakiwa yameingia ndani matumaini ya kujirekebisha yanapungua sana, na wako kwa umri wake huenda ndo yuko hapo.

Nije kwa mama mkwe. Kusaga meno usiku na minyoo ni imani ya siku nyingi na karibu kila bibi anaijua, lakini hatuna ushahidi wa kutegemea kwamba minyoo ndo inasababisha. Dawa ya minyoo mpe kwa ratiba yake ya kawaida maana ina faida zake, ila usishangae akiendelea kusaga. Na nikiwa mkweli, hata mpangilio wa meno hatuwezi kuusingizia moja kwa moja, watoto wengi mno wenye meno mazuri kabisa wanasaga usiku na wengi wanaacha wenyewe wakikua. Kinachohusiana na kusaga zaidi ni usingizi wenyewe, hofu na mawazo, na kupumua kwa shida usiku. Ndo maana ile sentensi yako fupi ya kulala mdomo wazi imenishtua kuliko ile ya kusaga.

Mtoto anayepumulia mdomo ulimi wake unashuka chini. Na ulimi ndo mhimili wa safu ya juu, ukikaa kwenye kaakaa unasukuma kwa ndani wakati mashavu yanasukuma kwa nje, safu inabaki pana. Ukishuka, mashavu yanabaki yanabana peke yao usiku na mchana. Kidole kilifanya hivyo hivyo, kilikuwa kinaushusha ulimi na kila akinyonya mashavu yanabana. Kidole ameacha vizuri, hongera, hilo limekwisha na usimsimange nalo, maana kuna watoto wanapakwa shubiri na pilipili mpaka wanalia na mimi naona ukali ule hauna sababu. Lakini kama bado kuna kitu puani kinamzuia basi mnapanua huku na kitu hicho kinabana kule. Msikilize usiku mbili tatu. Anakoroma karibu kila siku? Pumzi inakatika kidogo halafu anashtuka kama anaivuta kwa nguvu? Anatoka jasho, anakojoa kitandani wakati alishaacha, asubuhi anaamka amechoka au anasinzia darasani? Ukiona hayo nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo hata kabla ya daktari wa meno, inawezekana ni tonsesi au zile nyama za nyuma ya pua zimekua, na hilo lina uzito kuliko meno.

La zahanati sasa. Nakuomba usikubali jino la utoto ling'olewe "ili mengine yapate nafasi" mpaka daktari wa meno amemwona. Jino la utoto ndo linalomshikia mwenzake nafasi, likitoka mapema magego ya nyuma yanasogea mbele na nafasi inapungua, halafu mtoto anakosa hata hizo sehemu chache za kutafunia alizobaki nazo. Zipo sababu halali za kung'oa, limeoza vibaya, lina usaha, au la utu uzima limeota nyuma yake nalo limegoma kutikisika. Kubanana peke yake kwa miaka 7 siyo sababu ya kwenda na koleo siku hiyo hiyo.

Na niulize kitu ambacho hujakisema, labda kwa kuwa hakimhusu. Alipokuwa mchanga, alipopata homa na kuharisha, kuna mtu alimng'oa "meno ya plastiki" au ya nailoni? Nauliza kila mzazi siku hizi. Yale siyo plastiki, ni vichipukizi vya chonge vikiwa bado laini na vyeupe ndani ya ufizi, kila mtoto anazaliwa navyo, na homa ile ilikuwa na sababu nyingine kabisa. Wanavichimbua kwa vyombo visivyo safi, watoto wamepoteza damu, wamepata maambukizi na wapo waliokufa. Wanaopona wengi wanakuja kwetu miaka ya baadaye chonge ya utoto haipo, ya utu uzima imeota imepinda au haikuota, na meno yamelalia upande ule, ambayo nayo yanaweza kulivuta taya. Kama alifanyiwa mwambie daktari waziwazi, hakuna atakayekulaumu, inabadilisha tu tunachotafuta kwenye eksrei.

Tiba ikoje. Kwa wadogo kabisa saa nyingine ni chonge za utoto tu ndo zinazogongana, daktari anazipunguza ncha kidogo bila sindano na taya linarudi, kwa miaka 7 inaweza kusaidia ila mara nyingi haitoshi peke yake. Njia ya pili ni pleti, kile kisahani cha plastiki kinachokaa kwenye kaakaa, kina skrubu ndogo katikati na mzazi ndo anaizungusha robo mzunguko kwa ratiba aliyopewa, kila robo inapanua kama robo milimita. Inatoka, inasafishika, kwa kawaida ni rahisi kwa bei, lakini inataka mtoto aivae usiku na mchana, na mtoto anayeivulia kwenye leso shuleni akaisahau hapo hapo hatapona, na kuisahau nako kunatokea sana. Njia ya tatu ni waya uliofungwa kwenye magego ya nyuma na kupita kwenye kaakaa, mtoto hawezi kuutoa, unasukuma taratibu wenyewe. Mapitio makubwa ya tafiti kwa watoto wa umri huu yanaonesha waya huu unafanikiwa zaidi kuliko pleti, na nadhani sababu kubwa ni hiyo hiyo kwamba hautoki. Ningekuwa mimi nachagua kwa mtoto anayeweza kusafisha vizuri ningeenda na waya. Kwa mtoto mwenye meno mengi yaliyooza na mswaki unamshinda, ningetibu meno kwanza.

Wiki ya kwanza atatema mate mengi, ataongea kama ana kitu mdomoni, nyama itakuwa ngumu zaidi na wewe utajuta kidogo. Inapita. Kupanua kwenyewe ni suala la miezi, halafu kinabaki mdomoni miezi mingine bila kusukuma ili mfupa ukomae, kwa jumla wengi wanamaliza ndani ya mwaka. Wengine kidogo wanarudi nyuma na wanahitaji tena wakiwa wakubwa, na tiba hii haimaanishi hatahitaji waya wa mbele akiwa na miaka 12, ni kazi mbili tofauti. Na nisikuahidi nisichoweza. Taya kurudi katikati na kutafuna pande zote mbili, hapo nina matumaini makubwa. Kusaga meno kuisha, siwezi kusema. Maumivu ya taya jioni, labda, ila maumivu ya misuli ya taya kwa watoto yanatokana na mambo mengi, kuuma meno akiwa na hofu, kung'ata kalamu na kucha, kutafuna bazoka mchana kutwa, na uhusiano wake na mpangilio wa meno ni mdogo kuliko watu wanavyotangaza. Kwa saivi kitambaa cha uvuguvugu kwenye shavu dakika kumi na chakula laini siku anayolalamika kinatosha. Kiungo kikilia "ta" bila maumivu na mdomo unafunguka vizuri, hicho peke yake hakitaki tiba.

Ila kuna mambo ambayo ukiyaona hayasubiri miadi. Mdomo haufunguki akaweza kuingiza vidole vyake vitatu kwa kupanga wima, au unakwama. Shavu au chini ya taya pamevimba na ana homa. Alishawahi kuanguka akapiga kidevu, kwenye mwembe, kwenye baiskeli, hata kama ni miaka miwili iliyopita na kidonda kilipona, na tangu hapo mdomo unafunguka kidogo kidogo, maana kidevu kikipigwa mfupa unaweza kuvunjika juu kule mbele ya sikio na kiungo kikaja kushikana. Taya linakuwa gumu asubuhi na magoti au viungo vingine navyo vinavimba. Uso unazidi kupinda mwezi hadi mwezi. Na mtoto yeyote ambaye taya limekaza ghafla pamoja na shingo au mgongo kukakamaa, hasa kama ana kidonda na chanjo hazikukamilika, huyo ni hospitali saa hiyo hiyo, usimpitishe kwa mtu.

Kwa binti yako, kama hana hayo, nenda ndani ya mwezi mmoja au miwili, usikimbie usiku ila usiache mpaka likizo ya mwisho wa mwaka. Anzia kwa daktari wa meno wa hospitali ya wilaya au ya rufaa ya mkoa, atibu yaliyotoboka na akuandikie barua ya kwenda kwa daktari wa kupanga meno. Hao ni wachache na wengi wako miji mikubwa, kama uko Tanzania Muhimbili wapo, na kule wanakosomesha madaktari wa meno gharama saa nyingine inakuwa nafuu kuliko kliniki binafsi. Ulizia bima mapema maana nyingine zinahesabu kupanga meno kama urembo, na hapo barua inayosema taya linahama wakati wa kufunga inaweza kukusaidia. Ukifika usiseme tu "meno yamepinda". Sema akifunga mdomo taya linakwenda kulia, anatafunia kulia, alinyonya kidole mpaka miaka 5, analala mdomo wazi. Ukiweza mchukue video ya sekunde chache akifungua na kufunga na nyingine akiwa usingizini, nenda nazo. Na usije ukamnunulia yale mawaya ya fasheni ya mtandaoni au kumfunga raba kwenye meno, raba ile inateleza chini ya ufizi bila mtu kuiona na jino zima linalegea, tumeshapokea wa hivyo.

Nimalizie na baba yake, maana siyo kwamba amekosea kila kitu. Watoto wanaokula vigumu misuli yao inakuwa na nguvu na inasaidia taya kukua, na saivi watoto wetu wengi wanaishi kwa mkate wa chai, uji na tambi. Lakini muwa hautarudisha jino lililoingia ndani kwenda nje, taya lake litaendelea kupita njia ile ile iliyokosea, tena kwa nguvu zaidi, na sukari inabaki kwenye magego. Vigumu vinakuwa na kazi baada ya kupanuliwa, hapo ndo misuli inahitaji kufundishwa upya, karoti, karanga, muhogo wa kuchemsha usiolainika sana, mahindi ya kuchoma waya ukishatoka, nusu kulia nusu kushoto, na baba akae naye mezani watafune wote. Kwa sasa mpe anavyoweza, na muwa uwe wa mara moja moja kisha asukutue maji.